Chini ya Kiti cha Dereva

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, akirudi safari, kufagia kabini ya lori ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikijua kila kitu kilicholala chini ya kiti cha dereva: jeki, spana ya magurudumu, vipande viwili vya mti vya kuzuilia gurudumu mlimani, panga lililoviringishwa kwenye gunia, na rungu. Kichwani rungu lile lilikuwa limepigiliwa nati kubwa ya chuma, na mpini wake ulizungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili usiteleze mkono ukilowa jasho. Mpira ulikuwa umebonyea pale Tata alipozoea kushika. Niliweka vidole vyangu kwenye mabonyeo yale, lakini havikufika.

Tulikaa Kebirigo, kwenye barabara inayotoka Kisii kupitia Nyamira kwenda Chemosit. Siku za kawaida Tata alibeba ndizi. Zilikatwa mbichi asubuhi, zikapangwa kwa majani yake, na jioni lori likaondoka ili lifike Marikiti, Nairobi, kabla ya mapambazuko. Hatari ilikuwa milimani. Lori lililoelemewa na mzigo hutambaa, na anayetambaa usiku hufuatwa. Wezi walidandia nyuma, wakakata turubai na kuporomosha mali barabarani, huku dereva akisikia injini tu. Kwa hiyo tanboi, msaidizi wa dereva, alipanda juu ya ndizi na kukaa huko kwenye baridi, panga mapajani, mawe kando yake. Nawaheshimu sana vijana wale. Hakuna aliyewahi kuwauliza kama walikuwa na sweta.

Mwaka 1997 Tata alipata kazi ya kupeleka chakula cha msaada Lokichoggio, mji ambao tangu 1989 ulikuwa kituo cha misaada iliyovuka kwenda Sudan Kusini wakati wa vita. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300, na sehemu ya njia ile, hasa ukishapita Marich kuelekea Kainuk na Lokichar, ilikuwa ya ngoroko, majambazi wenye bunduki. Malori yalisubiriana yakawa msafara, na askari wakagawanywa kwenye kabini. Ndivyo Tata alivyosafiri kwa mara ya kwanza na bunduki ubavuni, G3 ndefu iliyosimamishwa kati ya magoti ya afande, mdomo wake ukigonga paa kila walipoingia shimoni.

Aliniletea ganda la risasi kutoka huko. Lilikuwa la shaba, na ukilipuliza lilitoa mluzi mwembamba. Nilimuuliza kwa nini na yeye asiwe na bunduki yake. Alinijibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo njia nzima. "Bunduki ya afande ina kitabu," alisema. "Ikitoka risasi moja, kuna mahali itaandikwa. Yangu itaandikwa wapi?"

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hata sheria ilisema hivyo kwa namna yake. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, cheti hupewa mtu, hakipewi gari. Mwenye lori hawezi kumkabidhi dereva bastola kama anavyomkabidhi funguo. Na dereva wa ndizi, ambaye mshahara wake ulikuwa ukiishia kwenye karo, angeanzia wapi kuomba cheti? Waliotaka silaha waliipata gizani, basi.

Mmoja wao alikuwa rafiki ya Tata. Sisi watoto tulimwita baba mdogo. Alikuwa ametekwa usiku wa mvua za El Niño, lori limekwama kwenye tope, akavuliwa hadi viatu. Miezi michache baadaye alikuwa na bastola. Hakutwambia, tulijua kwa sababu aliacha kulala. Mtu huyu zamani alilala popote, akiegemea usukani, chini ya lori, kwenye kiti chetu cha sebuleni kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Sasa aliogopa majambazi na aliogopa polisi pia. Kila kizuizi alichokikaribia kilimtoa jasho.

Siku moja mwishoni mwa 1998 alikuja kwetu mchana, Tata akiwa safarini. Alisema tangu bomu la Agosti kule Nairobi askari walikuwa wakimpekua hadi kwenye kisanduku cha spana. Mkononi alishika mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya katani. Mama hakumkaribisha kiti. Alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya kizingiti, unga wa wimbi ukiwa bado kwenye vidole.

"Shemeji, niwekee hadi Jumapili tu."

"Shemeji, nyumba hii ina watoto sita."

"Ni Jumapili tu."

"Hata dakika, shemeji. Nisamehe."

Nilikuwa nyuma ya Mama. Niliona mkebe ule ulivyouvuta mkono wa yule baba chini, mzito kupita mafuta yoyote. Akaondoka nao. Hatukujua aliupeleka wapi, lakini majirani walikuwa wamemwona akiingia nao. Sidhani kama kuna aliyemwona akitoka.

Miaka tisa ikapita. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik ukawaka. Chepilat, ambako Tata alikuwa akisimama kununua maziwa, maduka yalichomwa. Jamaa zetu wa Borabu walikuja na magodoro kichwani. Lori lilikaa boma wiki kadhaa, kuku wakalala chini yake.

Usiku mmoja wa Januari vijana kama kumi walibisha. Wawili nilisoma nao. Walizungumza kwa adabu, wakamwita Mama mama. Walikuja kuchukua ile bastola.

Mama hakubishana. Alichukua kurunzi, akawaingiza ndani, akawainulia godoro lake mwenyewe. Akawaonyesha ghala, chini ya magunia, nyuma ya kabati la vyombo. Kisha akawapeleka kwenye lori na kuwafungulia mlango. Mmoja aliinama, akapapasa chini ya kiti cha dereva kwa muda mrefu, akatoka na rungu.

Tata alikuwa amesimama gizani karibu na gurudumu. "Hilo ni langu," alisema.

"Tutarudisha, mzee," kijana akajibu, vidole vyake vikijipanga kwenye mabonyeo ya mpira. Vyake vilifika.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari. Machi Tata alipakia ndizi tena. Kabla hajaondoka aliinama, akatazama chini ya kiti, kisha akauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyemwona yule kijana.

Hakuna aliyekuwa amemwona.