Dodoma, Treni na Mwaka Mmoja wa Ziada

Jamani, kuna safari za kula raha na kuna safari za kutafuta jibu. Hii yangu ilikuwa ya kutafuta jibu.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na alikuwa na kozi mbili kichwani, zote za Chuo Kikuu cha Dodoma: Sayansi ya Kompyuta, miaka 3, na Uhandisi wa Programu, miaka 4. Baba kastaafu, hivyo ada ni juu yangu. Mimi na mchumba wangu tunaweka akiba ya harusi, na mwaka mmoja wa ziada si mchezo.

"Twende wote tukaone," mchumba akasema.

Jumamosi alfajiri tukapanda treni ya umeme pale Dar, kwenye stesheni iliyojengwa mfano wa tanzanaiti. Safari ambayo kwa basi inakula kutwa, tangu mwaka 2024 kwa treni ni mwendo wa saa tatu na ushee. Ukishapita Morogoro unaingia kwenye mahandaki ya Kilosa: giza, mwanga, giza tena. Dogo alikuwa kimya muda wote.

Chuo chenyewe, kilichoanzishwa 2007, kimetandazwa juu ya vilima. Jua kali, upepo mkavu, na kutoka ndaki moja hadi nyingine miguu inakoma. Kwenye kivuli cha mgahawa tukakaa na wanafunzi wawili.

"Kwetu hesabu ndiyo mama, dada," alisema wa Sayansi ya Kompyuta. "Unajifunza kwa nini njia hii ya kutatua tatizo ina kasi kuliko ile."

Wa Uhandisi wa Programu akacheka. "Sisi tunajenga. Unamsikiliza mteja, unachora mfumo, mnaandika kwa timu, mnaujaribu mpaka ukae sawa."

Wote wawili wanaandika programu, na wote wanaweza kuomba kazi ileile. Tofauti ni kile unachokaa nacho usiku bila kuchoka. Kwa hiyo msomaji, usidanganyike na jina la kozi. Omba orodha ya masomo, muhula kwa muhula, uisome na anayekwenda kusoma.

Jioni tulinunua zabibu, maana Dodoma bila zabibu haijakamilika. Nikamuuliza dogo: ipi?

"Ya miaka 3."

"Unaipenda?"

Akaangalia chini. "Napenda kujenga, dada. Ila sitaki harusi yenu ikwame kwa ajili yangu."

Nilikosa la kusema. Mchumba wangu akameza zabibu yake taratibu.

"Shemeji, jaza ya miaka 4. Ukumbi tutapunguza. Watu 100 wanatosha kabisa kushuhudia."

Tulirudi Dar na treni ya usiku. Dogo alipiga stori mpaka Pugu.