Daftari la Bucha, Kitengela

Mpwa wangu, mama yako ananiambia usingizi umekupaa, na kwamba simu ikilia usiku unatoka nje kuipokea mkeo asije akasikia. Sikuulizi unadaiwa na nani wala kiasi gani. Mimi mjomba wako nilianza kuuza nyama Kitengela kabla hujazaliwa, na hayo yanayokukosesha usingizi niliyaona yakimwangusha mtu aliyenishinda kwa mtaji, kwa nguvu na kwa akili ya biashara. Wengine, wanyonge kuliko yeye, waliyumba wakabaki wamesimama. Nimeyafikiria sana haya tangu nilipostaafu gogo na shoka, na kwa kuwa wewe ndiye uliyerithi uchu wangu wa biashara, nakusimulia wewe.

Nilifika Kitengela mwaka 1990, wakati wenyeji wengi wangali wakipaita Noonkopir. Ranchi ya pamoja ya Wamasai ilikuwa imegawanywa miaka michache nyuma, kila mwanachama akapewa kipande chake, na wenye pesa wa Nairobi walikuwa wameanza kuja Jumamosi na magari madogo kukanyaga nyasi na kuuliza bei. Mji wenyewe ulikuwa safu za vyumba vya mawe na mabati kando ya barabara ya Namanga, malori ya Arusha yakipita na kutumwagia vumbi ndani ya chai. Upepo ukitoka upande wa Athi River ulileta saruji. Ukitoka upande wa Isinya ulileta samadi na majani makavu, na mimi huo wa pili niliupenda. Nilikodi chumba kimoja kwa shilingi 400 kwa mwezi, nikakipaka nyeupe juu na nyekundu chini, nikaning'iniza ndoano sita, nikanunua mizani iliyokwisha kutumika na gogo la kukatia ambalo watu wawili walilibeba kwa taabu. Kilo ya nyama ya ng'ombe tuliuza shilingi 40 hivi. Bakuli la supu lilikuwa shilingi 5, na mwenye njaa aliongezewa mchuzi bila kuombwa mara mbili.

Ng'ombe nilimnunua Bissil, ng'ambo ya mji wa Kajiado ukielekea Namanga. Mnada ule ulikuwa shule. Wazee wamesimama na fimbo, shuka nyekundu zimefifia kwa jua, tumbaku ya kunusa inapita mkono kwa mkono, na hakuna anayetaja bei kabla hamjaulizana habari za watoto, mvua na mifugo. Mgeni aliyefika na haraka ya Nairobi aliuziwa ng'ombe mwenye mifupa. Mzee mmoja alinipenda, sijui kwa nini, labda kwa kuwa niliketi chini nikanywa chai yake hadi ikaisha. Safari moja pesa zangu zilipungua, nami nikageuka kuondoka, akaniambia chukua fahali huyu, utaleta zilizobaki ukirudi. Hakuandika popote. Mali kauli, mbele ya vijana wake wawili, basi. Nilirudi na pesa zake juma lililofuata kabla hajaniuliza, na tangu hapo tukawa watu. Miaka kadhaa baadaye alinizawadia ndama jike, na kwa desturi yao tukaanza kuitana Paashe, mimi nikimwita yeye na yeye akiniita mimi, hata mbele ya watoto wetu, jina la kuzaliwa tukaliweka kando.

Sasa nikupeleke mlango wa pili kutoka kwangu. Pale palikuwa na hadiwea ya bwana mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa heshima ya watoto wake. Mji ulikuwa unajengwa, naye ndiye aliyeujenga: saruji, mabati, misumari, na waya wa miiba uliotoka kwa mabunda kila mwenye kipande alipotaka ua. Alikuwa mrefu, mkarimu, na kipimo chake hakikuwa na wizi. Alifungua kabla ya jua na kufunga saa nne za usiku, Krismasi akifungua vilevile, na chakula chake kilikuwa mandazi mawili anayotafuna akiwa amesimama huku akihesabu mabati kwa jicho. Familia ilikuwa kijijini. Alikwenda kuiona kwa nadra, akarudi mapema kuliko alivyoahidi. Sote tulimsifu. Tukitaka kumwonyesha kijana mfano wa mtu mvumilivu, tulimnyooshea kidole yeye.

Alikuwa amechukua mkopo wa benki, ploti yake ikiwa dhamana. Ukaja mwaka 1993. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umepita Desemba iliyotangulia, pesa zimemwagwa nchini, magazeti yameanza kuitaja kashfa ya Goldenberg, shilingi ikaporomoka mbele ya dola na bei zikapanda wiki kwa wiki. Riba za benki zilipita asilimia 30. Fikiria deni ulilolipiga hesabu kwa utulivu, kisha asubuhi moja hesabu hiyo yote haina maana. Wajenzi wakasimamisha nyumba zao kwenye msingi, saruji ikaganda ghalani. Yule bwana hakusema kitu. Aliendelea kucheka na wateja, ila macho yalikuwa mekundu na mkono ulitetemeka akipokea chenji. Tulipomuuliza, alisema ni vumbi. Mwaka uliofuata, adhuhuri moja, alianguka nyuma ya kaunta akiwa na kitita cha funguo mkononi. Tulimbeba watatu kwenye pikapu yangu, ile ya kubebea nyama, hadi hospitali. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wa kulia wote na maneno mengi.

Mkewe alikuja kutoka kijijini, mama mpole aliyevaa leso mbili, akaniomba nimsaidie kutazama mambo ya duka. Barua za benki tulizikuta ndani ya katoni ya misumari ya inchi nne, zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, nyingi hata hazijafunguliwa. Yule mama alizisoma zote, ameketi juu ya mfuko wa saruji, bila kulia. Alisema jambo moja tu: kwamba alikuwa na mbuzi na shamba la kahawa la babake, na kwamba angeuza bila kuulizwa mara mbili. Nami nilijua kuwa sisi majirani tulioketi na mumewe kila siku tungeweza kumtafutia mnunuzi wa nusu ya ile ploti kwa bei nzuri, maana ardhi ya Kitengela haikukosa mnunuzi hata mwaka ule. Ploti ilipigwa mnada. Mumewe aliishi miaka kadhaa, ameketi kwenye kiti chini ya mti, anasalimia kwa mkono wa kushoto. Sisemi kuwa ukimya peke yake ndio uliomwangusha. Riba ile ilikuwa dhuluma iliyotoka juu, na waliofanya nchi ifike pale hawakulala njaa. Lakini mzigo wa deni aliubeba peke yake kwa hiari, na hilo halikuwa la lazima.

Usiku wa siku ile alipoanguka, tulipotoka hospitali, mke wangu, huyu unayemwita Anti, alichukua daftari la madeni kutoka buchani na hakulirudisha tena kwangu. Lilikuwa kitabu cha jalada jeusi, kurasa zimelowa mafuta hata maandishi ya upande mmoja yanaonekana upande wa pili. Tunaowadai aliandika mbele, wanaotudai nyuma, na kila Jumapili baada ya ibada tulilifungua mezani, yeye akisoma kwa sauti. Zilikuwa saa ngumu hizo, usidhani ni mapenzi matupu. Tumegombana juu ya daftari lile kuliko juu ya jambo lolote la ndoa yetu. Lakini nililala. Jumapili hiyohiyo mchana bucha ilifungwa, wateja wakanung'unika wakazoea. Nilitembea na watoto hadi nje ya mji kuelekea tambarare za Kaputiei, ambako msimu wa mvua nyumbu na pundamilia walitoka Mbuga ya Nairobi na kuenea kadiri jicho linavyofika, wakati nyua zilikuwa bado chache. Daktari alinipima damu miaka hiyo na kuniambia kazi yangu ingenipa presha. Presha nilikuja kuipata uzeeni. Wakati huo nilikuwa na watoto wadogo, na watoto wanajua kumchosha mtu kwa namna inayomponya.

Mji nao ulikua. Serikali ilikuwa imepitisha sheria ya EPZ, maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, mwaka 1990, viwanda vya nguo vikajengwa Athi River, na Marekani ilipopitisha mwaka 2000 sheria ya AGOA iliyofungua soko lake kwa nguo zetu, wasichana kwa wavulana walimiminika kutoka kila pembe ya nchi. Walilala Kitengela, watatu watatu katika chumba, wakaenda kazini kwa miguu alfajiri wakiwa kundi refu lenye kuzungumza kwa sauti ya chini. Jioni walisimama mbele ya dirisha langu, nyuzi za pamba zimewashika nyweleni kama mvi, wakinunua robo ya nyama wagawane. "Niandikie, mzee, hadi mwisho wa mwezi." Anti aliwaandika. Mwaka huohuo wa 2000 ukame ulikausha mabwawa, umeme ukaja kwa zamu, na nyama ambayo friji haikuweza kuihifadhi tuliichemsha usiku tukaiuza asubuhi kama supu.

Mtihani mkubwa ulikuja Januari 2003. Kibaki alikuwa ameapishwa kuwa rais siku za mwisho za Desemba, watu wana matumaini hadi yanawamwagika, na wafanyakazi wa EPZ wakaona wakati wao umefika wa kudai mshahara unaoshikika. Waligoma kwa maelfu. Barabara ya Athi River ilijaa watu na moshi wa kutoa machozi, viwanda vikafunga milango, na vilipofunguliwa wengine hawakurudishwa kazini. Daftari la Anti lilijaa mbele hadi akaanza kuandika pembezoni. Nilitaka kusimamisha mikopo. Yeye alisema tupunguze: nyama kwa pesa taslimu, mifupa na matumbo kwa daftari, maana watu hawa kesho ndio wateja. Ng'ombe wa kuchinja sikuwa na pesa za kuwanunua. Nilikwenda Bissil, nikamwambia Paashe ukweli wote, kiasi ninachodaiwa na kiasi ninachodai, mbele ya wanawe. Alinyamaza kwa muda mrefu akichora mchanga kwa fimbo. Kisha akanipa fahali wanne.

Wengi hawakulipa, mpwa wangu, nikuambie kweli. Mwaka 2005 mgao uliowekea nchi mipaka katika soko la nguo la dunia ulipoondolewa, viwanda vingine vilifunga, watu wakatawanyika na majina yao yakabaki daftarini. Lakini waliolipa walitosha. Mmoja alinitumia shilingi 640 kwa M-Pesa, miaka mingi baadaye, akiwa amekwisha kuolewa Bungoma, na Anti akalitafuta jina lake na kulikata kwa rula.

Mwaka 2009 zamu ikageuka. Ukame wa mwaka huo ndio mkali kuliko yote niliyoona Kajiado. Kutoka Isinya hadi Bissil mizoga ililala kando ya barabara mpya iliyokuwa ikijengwa, na harufu iliingia ndani ya gari hata ukifunga vioo. Ng'ombe aliyekuwa na thamani ya shilingi 20,000 aliuzwa 2,000, na wapo walanguzi waliotajirika hivyo, wakizunguka na malori mahali ambapo mwenye ng'ombe hana nguvu ya kukataa. Paashe alinipigia simu. Alianza na habari za watoto, kama siku zote, kisha akasema, "Paashe, nimebaki na thelathini." Alikuwa na zaidi ya mia mbili. Tulikodi lori, tukawaleta kumi na wawili wenye uwezo wa kusimama, tukawaweka nyuma ya nyumba yetu hapa Kitengela. Nyasi kavu zilizofungwa zilikuwa zimepanda hadi shilingi 350 kwa bunda, na Anti aliziandika nyuma ya daftari, upande wa wanaotudai, ingawa zilitoka mfukoni mwetu. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia kwamba deni la wale fahali wanne halijaisha. Mvua iliponyesha, wanane walirudi Bissil kwa miguu yao. Paashe alijenga tena kundi lake kutoka kwa hao, na leo wanawe ndio wanaowauzia mifugo wanangu.

Sasa wewe. Nimesikia mikopo yako imo ndani ya simu, ya leo inalipa ya jana, na hakuna karatasi ya kukutwa kwenye katoni. Hiyo ndiyo inayonitisha. Nunua daftari la jalada gumu, mpwa wangu, si ghali. Andika mbele na nyuma, majina yote na tarehe zote. Kisha mpe mkeo alisome kabla hujalala usiku wa leo, na Jumamosi mje nyote wawili hapa kwa Anti, tukae tulitazame pamoja. Nauli nitawatumia.