Dago la Magurudumu Manne

Lugha yetu ina neno ambalo mipango yetu ya ardhi hailijui. Neno hilo ni dago. Mvuvi wa Kojani anaposema anakwenda dago, anamaanisha kwamba atahama kwake kwa majuma au miezi, atapiga kambi katika ufukwe usio wake, atavua na kuanika samaki, kisha pepo zikigeuka atafumua kibanda chake cha makuti na kurejea nyumbani. Dago si ziara, wala si makaazi. Ni namna ya kuitumia pwani bila ya kudai umiliki wake. Mwenye dago hana hati na haihitaji, kwa sababu hakuja kubaki.

Nimelifikiria sana neno hili mwaka huu kwa sababu familia yangu imejenga dago lake. Letu limekaa juu ya pikapu.

Sababu ni nyepesi kueleza. Sisi wa Mji Mkongwe tumeelekea magharibi: kila jioni, kule Forodhani, tunaliona jua likizama baharini. Atakaye kuliona likichomoza kutoka baharini hana budi alale upande wa pili wa kisiwa. Huko, kutoka Matemwe hadi Jambiani, bei ya chumba kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa kwa dola, na mshahara wa mhadhiri hulipwa kwa shilingi. Tuna watoto watatu. Wote wamezaliwa Unguja, na hadi mwaka huu hakuna hata mmoja aliyekuwa ameamka akaliona jua la mashariki. Binti yangu mkubwa aliliona kwanza katika tangazo la utalii.

Nyumba yetu haina ua, na uchochoro wake haupitishi hata mkokoteni kwa raha. Kwa hiyo kazi ilifanyika Ng'ambo, uani kwa baba mkwe. Mzee huyu kwa miaka mingi alijenga mabodi ya mbao ya magari ya abiria, yale tuliyoyapanda wengi wetu kwenda shamba: mabenchi mawili yanayotazamana, ubavu ulio wazi, turubai la kuteremshwa mvua inaponyesha, na paa linalobeba magunia, baiskeli na matenga ya kuku. Nilimpelekea michoro yangu iliyopigwa kwa kompyuta. Aliitazama kwa adabu, akaigeuza, akachora nyuma yake kwa penseli ya fundi.

“Daktari,” aliniambia, “wewe umechora nyumba. Gari halitaki nyumba. Gari linatikisika.”

Hapo ndipo lilipoanza somo la wepesi. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi nne kwa nane, yenye unene wa milimita 12, ina uzito wa kilo zipatazo 20. Ya milimita 6 ina nusu yake. Mchoro wangu ulikuwa wa milimita 12 kila mahali. Mzee alitaka ile nyembamba, akaipa nguvu kwa mbavu za msonobari kila baada ya shubiri mbili, kama mbavu za chombo. Mvule, mti anaouheshimu kuliko yote, aliukataa mwenyewe kwa sababu ya uzito. Viungo vyote alivitia gundi kwanza, parafujo baadaye, kwani msumari peke yake hulegea kwa mitikisiko ya barabara.

Mwanangu wa pili, aliye darasa la sita, alikabidhiwa mizani tuliyoiazima kwa muuza mchele, pamoja na daftari. Hakuna kipande kilichofungwa kabla hajakipima. Plaiwudi kilo 70, mbavu kilo 36, turubai kilo 12, bawaba, parafujo, gundi na rangi kilo 10. Jumla kilo 128. Watu wanne hulinyanyua kutoka kwenye gari, kila mmoja akibeba kilo 32, na gari likarudi siku hiyo hiyo kwenye kazi zake za kawaida.

Paa ndilo lililotushughulisha zaidi. Tulitaka likunjwe njiani, lisizidi sana kimo cha gari, ili upepo usilikamate na gari lisiyumbe kwenye kona. Kisha likifika liinuke sentimita 70, mtu mzima aweze kusimama. Hapa alihitajika shemegi yangu, mvuvi wa Nungwi, ambaye ameshona matanga tangu ujana. Alimfundisha mke wangu mshono wa kukunja mara mbili, na akamwonya asilikaze turubai la pamba likiwa kavu, kwa kuwa likirowa hujivuta na kupasua mishono. Mke wangu alishona mita baada ya mita kwa cherehani yake ya miguu. Leo paa huinuliwa na watu wawili, nyuma kwanza, kisha mbele, na mihimili minne yenye bawaba hulishikilia. Kazi nzima haichukui dakika tano.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza maarifa ya wenyeji yako wapi, kana kwamba yamehifadhiwa makumbusho. Yako uani. Shida ni kwamba hayana cheti. Baba mkwe hajawahi kuitwa na chuo chochote kufundisha, na abiria walioshushwa salama kutoka kwenye mabodi yake hawahesabiki.

Safari ya kwanza tulikwenda kijiji kimoja cha pwani ya mashariki. Tulisimamisha gari jioni chini ya mivinje, juu ya mstari wa maji kujaa, tukainua paa. Hatukuwasha moto wala kupiga muziki. Baada ya sala ya isha alikuja mlinzi wa hoteli ya jirani, kijana mwenye heshima, akaamkia.

“Shikamoo, mwalimu. Nimetumwa. Wanasema hapa mbele ya hoteli hapalaliwi.”

Nilimuuliza kama eneo lile limo ndani ya mipaka ya hoteli. Alijibu kwamba mipaka haijui, yeye ni mtoto wa kijiji hiki na zamani akicheza mpira pale pale. Sikutaka kumtia mashakani na ajira yake. Tukakunja paa. Kiasi cha nusu saa baadaye wavuvi wa dago, wageni kama sisi, walitusogezea nafasi kando ya vibanda vyao. Asubuhi wanangu waliliona jua, na wanawake wa mwani wakiteremka na kamba zao maji yalipokupwa.

Sasa tuizungumze sheria. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikaiweka ardhi ya asili mikononi mwa Rais kwa matumizi na manufaa ya watu wa Zanzibar. Sipingi hoteli. Zinaajiri ndugu zetu na zinalipa kodi. Ninachopinga ni mazoea ya kuihesabu pwani kwa kitu kizito peke yake: zege, uzio, idadi ya vitanda. Mwekezaji ana fomu, ramani na afisa wa kumpokea. Mvuvi wa dago, mkulima wa mwani, familia inayokwenda kuvunja jungu kabla ya Ramadhani, hawa wote huitumia pwani na kuondoka bila ya kuacha kitu, na kwa sababu hawaachi kitu, hawaandikwi. Asiyeandikwa huombwa kusogea kidogo kila mwaka, mpaka anakosa pa kusogea.

Tunasema sana uchumi wa buluu. Ningependa watumishi wa umma wanaonisoma waongeze mambo mawili katika mipango yao. La kwanza, njia za umma za kuteremkia baharini zichorwe kwenye ramani kabla ya kiwanja kukodishwa, na zifike majini. La pili, kila wilaya yenye pwani itenge maeneo ya dago, yenye maji na choo, kwa wavuvi na kwa wananchi wanaotaka kulala usiku mmoja na kuondoka. 

Nanyi wanafunzi, likizo hii nendeni kwa masheha wa vijiji vyenu vya pwani, muwaulize kwa adabu: njia ya wananchi ya kufika baharini iko wapi kwenye ramani? Andikeni mtakachojibiwa, hata kama ni kimya. Muhula ukianza, leteni madaftari hayo darasani.