Bampa au Ngao?

Ukiwa na pikapu kuukuu katika jiji hili la Dar, bwana, hukosi mshauri. Fundi anakushauri, tingo anakushauri, hata muuza kahawa anaweka birika chini akushauri bure. Mjomba wangu anayo Hilux, ya umbo lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1988. Anabebea mchanga na matofali huku Mbagala, na mgongo wa gari hilo ndio ulionilipia ada mpaka kidato cha nne. Sasa bodaboda mmoja alipomvaa kwa mbele, bampa likakunjika upande wa kushoto na indiketa ikapasuka, kijiwe kizima kikaimba wimbo mmoja: "Mzee, funga ngao. Wakome!"

Msomaji unaifahamu ngao. Ni mabomba mazito yamechomelewa pamoja, yamefungwa kwenye chesisi, yamepakwa rangi nyeusi, gari linaonekana kama linakwenda vitani. Mjomba alishaipenda. Mimi nikasema hapana, na kwetu mpwa kumwambia mjomba wake hapana mbele ya watu si jambo dogo.

Nilimwambia hivi. Mjomba, bampa si ukuta. Bampa ni bati lililokunjwa, nalo kazi yake ni kupondeka kabla ya taa na rejeta. Limepondeka? Basi limefanya kazi, unalivua, unafunga jingine. Ngao haipondeki. Ile nguvu yote ya kugongana inapita humo na kwenda kwenye chesisi, na chesisi ikipinda, hapo ndipo utamjua fundi ni nani. Wenzetu Marekani mwaka 1973 walidai bampa la mbele la gari dogo lihimili kugonga kwa maili 5 kwa saa bila taa kuharibika. Maili 5 ni kilomita 8, mwendo wa mchakamchaka wa shuleni! Mwaka 1982 wakashusha mpaka maili mbili na nusu. Na pikapu hazikuhusika kabisa. Kwa hiyo hata huko walikotajirika, bampa halikupewa kazi ya vita.

"Wewe umesoma," mjomba akasema, "lakini bodaboda hajasoma."

Wazee kijiweni wakacheka. Ikabidi niseme lile nililokuwa nalo moyoni.

Nilipokuwa darasa la sita, kijana tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja aligongwa Barabara ya Kilwa, asubuhi, tukienda shule. Gari lilikuwa na ngao. Sitaeleza nilichokiona. Nitaeleza tu kwamba dereva aliposhuka, kabla hajamwangalia mtoto, aliangalia mbele ya gari lake, akapitisha kiganja kwenye lile bomba la juu. Halikuwa na hata mkwaruzo. Mpaka leo nikiona ngao, naona kile kiganja.

Na Ulaya, mwaka 2005, walitoa agizo kwamba ngao za magari madogo zipimwe kwanza zitamfanya nini mtembea kwa miguu. Yaani kuna watu walikaa ofisini wakajiuliza swali hilo. Sisi hapa tunauliza kama rangi itadumu. Mdogo wangu yuko darasa la pili. Nilimsimamisha mbele ya pikapu ya jirani yenye ngao, bomba la juu likamjia kifuani. Nikamwonyesha mjomba. Hakusema kitu, akawasha gari.

Tukaenda Gerezani. Kule usiulize kama kipo, uliza kiko wapi. Kijana mmoja akapotea nyuma ya rundo la milango, akarudi amejitwika bampa la mtumba, jekundu, wakati gari letu ni jeupe. Halina kutu, matundu yamekaa sawa. Mjomba akalipigapiga kwa vidole kama anayechagua tikiti maji, wakaanza kuvutana bei.

Kazi yenyewe si ya kutisha, aghalabu kutu ndiyo inayokula muda. Tulimwaga mafuta ya taa kwenye bolti, tukanywa chai, tukarudi. Tatu zikakubali spana, ya nne ikagoma mpaka fundi akaipiga gesi. Kabla ya kulishusha la zamani alichomoa nyaya za indiketa; asiyekumbuka hilo huzikata kwa uzito wa bampa. La kulifunga ndilo linalotaka subira: unaingiza bolti zote kwanza bila kukaza, unasogeza kushoto, kulia, unarudi nyuma hatua kumi unatazama kama limelala sawa na taa, ndipo unakaza. Fundi wetu alirudi nyuma mara nne. Mara ya tano mjomba akamsukuma pembeni akatazama mwenyewe.

Watoto wa mtaani kwetu wanasema pikapu imepaka rangi ya mdomo. Tingo anaona haya kukaa nalo kijiweni. Mjomba hajapanga kulipiga rangi, anasema hela ya rangi ni hela ya dizeli.

Siku ile, tulipomaliza, alijaribu indiketa, kushoto, kulia, zikawaka. Akanigeukia.

"Haya, mjomba. Umeshinda. Lakini likipondwa hili, jingine unanunua wewe."

Nikamwambia sawa.