Dirisha la Hewa na Kelele za Usiku



Siku hizi vijiji vingi vina kilabu chenye vipaza sauti, na aliye jirani nacho hufunga madirisha usiku ili watoto wapate kulala. Baba mmoja wa kigango chetu aliniuliza, "Bwana Karani, nikiziba nusu ya dirisha, kelele nazo hazitapungua nusu?"

Hazitapungua nusu, nanyi mwaweza kuhesabu wenyewe. Ukuta mnene wa matofali hupitisha sauti kidogo sana. Karibu yote huingia kwa penye uwazi. Basi pimeni ukuta unaoelekea kelele, kisha pimeni uwazi wake. Ukuta wa meta 4 kwa meta 2 na nusu ni meta za mraba 10. Dirisha la meta moja ya mraba likiwa wazi, sehemu moja ya kumi ya sauti iliyopiga ukuta huingia ndani. Kwa kipimo cha wataalamu huo ni upungufu wa desibeli 10, na sikio huona kelele kama imepungua nusu. Ukiziba nusu ya dirisha hilo, waongeza desibeli 3 tu, nazo sikio hazizitambui sana. Ukitaka zipungue nusu tena, yakupasa kubakiza tundu la sentimeta 30 kwa 33 hivi. Nayo hewa itatoka wapi?

Tena tazameni juu. Mwanya wa sentimeta 5 chini ya mabati, kwa urefu wa meta 4, ni sehemu ya hamsini ya ukuta ule. Hata ukifunga dirisha kwa mbao za mninga, muziki utapita hapo.

Kuziba kila mahali nilimkataza kabisa. Kifua kikuu huenea upesi katika chumba kisichobadilisha hewa, na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, watu wakafa usingizini.

Afadhali kuikunja njia ya hewa. Huko Hong Kong zimejengwa nyumba zenye madirisha ya vioo viwili: hewa huingia upande mmoja wa kioo cha nje, hupita katikati, kisha hutokea upande wa pili wa kioo cha ndani. Sauti hugonga huku na huku ikachoka. Sisi twaweza kusimamisha ubao mnene shubiri moja mbele ya dirisha, na kuacha wazi upande usioelekea kilabu tu. Sauti nyembamba zitapungua vizuri, lakini ngoma nzito hupinda kona. (Fundi akikuahidi kimya kitupu, shika fedha yako.)

Na mwenye kujenga mwaka huu, kabla hajapanga tofali la kwanza, dirisha la chumba cha watoto aliweke upande wa migomba, nyuma ya nyumba. Halimgharimu senti zaidi.