Shairi la Nyumba Inayovuja

Watu wengi hudhani kwamba shairi ni jambo la wakubwa, na kwamba asiyejua maneno magumu ya kale hana fungu katika kazi hiyo. Mimi nami nalidhani hivyo, na dhana hiyo ilinitia katika kosa ambalo nataka kuliungama mbele ya wasomaji.

Siku moja naliwaagiza watoto wa darasa langu kila mmoja atunge ubeti mmoja. Walio wengi waliandika juu ya simba, na waridi, na bahari, vitu ambavyo hawajaviona kwa macho. Kijana mmoja, mwana wa mjane, aliandika juu ya nyumba yao inavyovuja. Alisema kwamba usiku wa mvua kitanda chao husafiri, hutoka pembe hii hata pembe ile, wala hakipati mahali pa kulala. Mama huweka chungu, na mwana huhesabu matone hata asubuhi. Nikahesabu mizani, nikaona mistari miwili imepungua. Nikalikata kwa wino mwekundu, nikaandika chini yake, "Hili ni jambo la jikoni, si shairi." Darasa zima wakacheka.

Hata baadaye nikasoma habari za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa yapata mwaka 1840. Huyu hakujitenga na watu. Alitunga juu ya vita vya mji wake, na mapenzi, na ndoa, na mambo ya kila siku. Tena washairi wa Lamu walijibizana naye kwa beti. Maneno yake yalikaa vinywani mwa watu miaka mingi, ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia W. E. Taylor, mmisionari wa C.M.S., kuyakusanya, na mwaka 1940 yakapigwa chapa kuwa kitabu kwa kazi ya W. Hichens. Nikajiuliza: kama Muyaka angalikuwa mwanafunzi wangu, ningalikata mangapi?

Basi nikamwendea yule kijana, nikamwomba alisome shairi lake siku ya wazazi. Akainama, akasema, "Mwalimu, ulilikata." Sikuwa na jibu. Nikamwuliza mama yake kama naweza kulisoma mimi. Akaniambia, "Soma, Mwalimu. Si siri, mvua yenyewe yaisema."

Nikalisoma mbele ya wazee, nikataja ni la nani, na kwamba nalimkosea. Nilipofika pale kitanda kinaposafiri, hapana aliyecheka. Wote waliijua nyumba ile. Huipita kila siku wakienda kisimani. Lakini kuijua ni neno moja, na kuisikia ikisemwa mbele ya wote ni neno jingine. Jumamosi wakafika wanaume watano na nyasi na kamba, wakaiezeka.

Nadhani hii ndiyo kazi ya mshairi wa watu: kulisema lile ambalo wote wamelizoea hata hawalioni tena. Haihitaji waridi wala bahari.

Walimu wenzangu, mtoto akikuletea ubeti, kwanza mwulize ameona nini. Mizani itafuata, maana mizani hufundishwa. Yule kijana hajaniletea ubeti mwingine bado. Nangoja.