Mkono Unahesabu, Lakini Kisu Kiko Wapi?

Zamu ya kuandika imefika kwetu sisi wa karakana. Tulitaka tuwaletee habari njema tu, ya jinsi tulivyoweka skrini ya namba kwenye mashine yetu ndogo ya kukereza vyuma. Tulipokaa kuiandika tukaona haielezeki bila kuanza na kosa letu. Basi tunaanza na kosa.

Mashine yetu ni ile ndogo ya mezani, ambayo huko nje watu wanainunua kwa kujifurahisha nyumbani. Inabeba chuma chenye kipenyo kisichozidi milimita 180, na urefu wake ni kama milimita 350. Ililetwa kama msaada, ikaja na mafunzo ya wiki sita na vyeti. Haikuja na kifaa hata kimoja cha kupimia. Tulikuwa na rula, na vernia moja kuukuu ya Mzee.

Mzee ni fundi wetu. Alikereza vyuma Bukavu kabla sisi hatujazaliwa. Anasikiliza mashine ikikata na kukuambia kisu kimeisha makali kabla hujaona chochote. Tatizo ni kwamba sisi hatuna masikio hayo, na macho yake sasa hayasomi tena alama ndogo.

Sasa, kosa lenyewe. Baba mmoja wa upande wa Kakuma 3 hana nguvu za miguu. Anatumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kukanyaga kwa mikono, na juu yake anauza sabuni, viberiti na majani ya chai. Bushi ya mbele ilikuwa imelika, gurudumu linayumba. Akaja kwetu. Tukampa kiti na maji, tukamwambia, "Baba, hii ni kazi ya asubuhi moja."

Tundu la kuingiza bushi lilikuwa milimita 28.00. Bushi ya kugongwa iingie kwa nguvu inatakiwa iwe kubwa kuliko tundu, lakini kidogo sana. Mzee alisema tuikereze hadi 28.03. Shaba tuliipata kwenye bushi kubwa ya zamani. Tukafika 28.40, zikabaki 0.37 za kipenyo. Ukikata upande mmoja wa kitu cha duara kinachozunguka, kipenyo kinapungua mara mbili, kwa hiyo kisu kilitakiwa kusogea 0.185 tu. Kwenye mashine yetu mzunguko mmoja wa mkono unasogeza kisu milimita 1, na duara la mkono lina alama 40. Kila alama ni 0.025. Hesabu ikawa alama saba na kidogo.

Mmoja wetu alikuwa anazungusha, mtu akaita mlangoni, mkono ukapitiliza alama nne. Akazirudisha zote nne. Duara likasoma sawa kabisa. Tukakata.

Tulipopima ilikuwa 27.83.

Mnaojua mashine mmeshacheka. Skrubu inayosukuma kile kitelezi cha kisu ina mchezo. Ukigeuza mkono kurudi nyuma, robo nzima ya mzunguko inapita bure kabla kitelezi hakijaanza kusogea. Alama zetu nne zilirudi kwenye duara tu. Kisu kilibaki palepale, ndani zaidi kwa 0.1, na kipenyo kikapoteza 0.2. Mzee akaichukua ile bushi, akaigeuza vidoleni, akasema, "Batoto, mukono inawadanganya."

Hadi hapo ni kosa la kawaida, kila fundi ameharibu kitu. Shaba nyingine hatukuwa nayo. Mzee akaondoka kwenda foleni ya chakula. Baba alikuwa anasubiri nje kwenye jua. Na sisi tukafanya ile kitu ambayo wote wa jua kali mnaijua: tukakata ukanda wa kopo la soda, tukauzungushia bushi, tukaigonga ikaingia. Ikakaza. Tukamwambia imekwisha. Akalipa. Akatuombea baraka.

Ukanda ulishika karibu wiki tatu. Siku moja akiteremka kuvuka laga, bushi ilitoka, gurudumu likalala, na yeye akaanguka upande. Kifundo cha mkono kikateguka. Na mtu anayetembea kwa mikono akiteguka mkono, si mnajua maana yake. Sabuni zilisambaa mchangani. Siku kumi na nne hakuuza kitu.

Aliporudi hakutulaumu. Alisema mchanga wa laga ndio mbaya. Na sisi tukakubali kwamba mchanga wa laga ndio mbaya. Hapo ndipo tulipokosa mara ya pili, na kosa hili lilitukosesha usingizi kuliko lile la kwanza.

Dada mmoja wa kundi letu, ambaye ndiye anayekereza vizuri kuliko sisi wote, alianza kuuliza swali moja kila siku: "Tunaweza vipi kujua kisu kiko wapi, tusitegemee mkono umezunguka mara ngapi?" Akaonyeshwa kwenye simu kwamba watu wenye mashine kama yetu wanafunga kipimo cha dijitali kwenye kitelezi chenyewe. Kipimo hakijali skrubu. Kitelezi kikisogea, namba inasogea. Kisiposogea, hata ukizungusha mkono mpaka jioni, namba inabaki palepale.

Vile vya kununua tayari vina bei. Lakini kumbe vernia ya dijitali ya kawaida, yenye urefu wa milimita 150, ina kazi ileile ndani yake: ukanda wenye vipande vya umeme, na kichwa kinachosoma kikiteleza juu yake, kila 0.01 ya milimita. Tukachanga kutoka kwenye posho zetu za kujitolea. Kwenda Nairobi wenyewe kunataka karatasi ya ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo tulimtuma mtu, zikaja mbili kwa basi kupitia Lodwar.

Ya kwanza tuliiua. Tuliikata zile meno zake kwa grainda kwa haraka, chuma kikawa chekundu, ukanda ulioko juu yake ukabanduka. Skrini ikanyamaza. Tukakaa chini bila kusema. Pesa ya watu sita, dakika moja.

Ya pili tuliifanya kwa siku mbili. Tunaandika hatua hapa kwa ajili ya yeyote mwenye mashine kama hii:

Kwanza, tulichomoa kichwa chenye skrini kabisa kabla ya kukata chochote. Tukakata kidogo, tukasubiri chuma kipoe, tukakata tena. Chuma cha vernia ni kigumu, msumeno wa kawaida unateleza tu. Kama unaweza kuepuka kutoboa matundu, epuka. Sisi tuliibana kwa vibano viwili vya alumini.

Pili, kwa kuwa ilibaki moja, ilibidi tuchague. Mashine ina safari mbili, ya kwenda kwa urefu na ya kuingia kuelekea chuma. Tuliiweka kwenye ile ya kuingia, kwa sababu huko ndiko kipenyo kinakoamuliwa, na huko ndiko tulikoanguka.

Tatu, kipimo kinatakiwa kiende sambamba na kitelezi. Tulipiga hesabu: kikipinda milimita 5 kwenye kila 100, namba inakudanganya kwa karibu 0.12. Kikipinda milimita 1 tu, uongo ni 0.005, hauonekani. Kwa hiyo usihangaike kwa unywele, lakini usifunge kwa kukisia. Kikipinda sana pia kinakwama na kujikunja.

Nne, tulipowasha mota namba zikaanza kurukaruka kama panzi. Tulikwangua rangi chini ya vibano ili chuma kiguse chuma, na waya za mota tukazihamishia upande wa pili. Zikatulia.

Tano, vumbi. Hapa Kakuma hatuhitaji kueleza vumbi ni nini. Vumbi na chembe za chuma zikiingia chini ya kile kichwa, kinasoma ovyo, na unyevu ni hivyohivyo. Tumekifunika kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na kila jioni kinafutwa kwa kitambaa kikavu.

Sita, skrini inaonyesha kisu kimesogea kiasi gani, sio kipenyo kimepungua kiasi gani. Siku ya kwanza tulisahau hilo mara mbili. Dada akaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya skrini: ZIDISHA MBILI.

Mzee alitazama yote haya bila kusema. Tulidhani haipendi. Siku tuliyomaliza alileta beringi mpya namba 6203 ikiwa bado kwenye karatasi yake. "Hii," alisema, "nje yake ni milimita 40. Waliyoitengeneza hawabahatishi." Upana wa beringi unaruhusiwa kupungua kidogo, lakini kipenyo cha nje kinashikwa kwa ukali sana. Tukafunga kipande cha chuma kisichosogea, tukakigusa kwa kitelezi, tukaweka sifuri. Tukarudi nyuma, tukaweka beringi katikati, tukagusa tena. 40.01. Tukarudia. 40.00. Tena. 40.02. Mzee akaomba asomewe kila namba kwa sauti. Ya tatu ilipotoka akatingisha kichwa polepole, akasema inatosha kwa kazi ya hapa.

Kisha akatuuliza, "Sasa yule mutu wa kinga mumemwambia?" Kinga kwao ni baiskeli.

Hatukuwa tumemwambia.

Tulienda watatu, jioni. Tukakaa chini kwenye mkeka wake. Tukamweleza lile duara, alama nne, ukanda wa kopo la soda. Tukamwambia mchanga wa laga haukuwa na kosa. Alinyamaza muda mrefu, mpaka mke wake akatoka kuangalia kuna nini. Halafu akasema, "Wanangu, mimi nilimwambia kila mtu kwamba nyinyi ni mafundi." Hilo tu. Tungeona afadhali kama angepaza sauti.

Asubuhi yake alikuja. Tulipopima tundu tulikuta limelika kwa ajili ya ule mchezo wetu, limekuwa 28.06. Kwa hiyo bushi mpya ilitakiwa iwe 28.09. Alitaka kukaa ndani safari hii, karibu na skrini. Dada alikereza. Kila mkato alisubiri shaba ipoe kabla ya kupima, kwa sababu shaba yenye joto inavimba, na kwenye saizi hii tofauti ya nyuzi 40 inaweza kukuibia 0.02. Mara moja alipitiliza, kama sisi siku ile. Akarudisha mkono. Namba kwenye skrini haikusogea. Baba akaiona mwenyewe, akauliza mbona haisogei. Dada akacheka, akarudi nyuma mzunguko mzima, akaingia upya. Bushi ikatoka 28.09. Tuliiingiza kwa kuikaza na jiliwa, bila nyundo, bila kopo. Hatukuchukua pesa, na ile ya kwanza tukamrudishia.

Wakati anaondoka aliigusa ile skrini kwa kidole, akauliza: "Na hii ikikosea, mtaniambia?"

Tulisema ndiyo. Lakini swali lile limebaki nasi, kwa sababu skrini haiwezi kulijibu. Skrini haioni kisu kikipinda, haioni chuma kilichofungwa vibaya, betri yake inakufa bila kuaga. Na ile bushi ya kwanza, tuliipima kwa vernia ya Mzee. 27.83 tuliiona kwa macho yetu. Kipimo hakikukosekana siku ile.

Kwa hiyo pembeni ya skrini tumening'iniza daftari. Kila kazi inaandikwa kipimo kilichotakiwa na kipimo kilichopatikana, na mwenye kitu anasomewa zote mbili kabla hajalipa. Mpaka leo daftari lina kazi 31. Nne zilitoka vibaya. Zote nne wenyewe waliambiwa, na watatu kati yao walirudi kutuletea kazi nyingine.

Kwenu ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunasema kwa heshima. Mnapoleta mashine, leteni na kifaa cha kupimia, hata kama ni kidogo. Na mnapoandika ripoti kwamba vijana kadhaa wamefunzwa, huo ni mzunguko wa mkono. Ni kweli mmezungusha. Njooni mwezi wa sita au mwaka wa pili mtuulize tumefika wapi, kisha andikeni namba hiyo, hata kama ni 27.83.

Na kwenu vijana wenzetu: karakana iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua likiwa kali. Mwenye vernia iliyokufa asiitupe, atuletee. Bado tunatafuta ya safari ya pili.